Mgema Aliyesifiwa Asilitie Tembo Maji

Wahenga wetu walinena: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi walimu twaipenda sana methali hii, maana yatufaa mwishoni mwa kila muhula. Mwanafunzi tuliyemsifu leo twamwonya kesho asije akalegea. Walakini methali haikutungwa iwe sheria isiyo na kinyume, na yatupasa mara kwa mara kuipima kwa maisha ya watu. Katika makala haya tumekusudia kuipima kwa maisha ya mwandishi mmoja wa Marekani, Bibi Ursula K. Le Guin, mtunzi wa riwaya za kisayansi na za ndoto, ambaye alisifiwa na kutuzwa kwa muda wa karibu miaka hamsini. Alipofariki mwaka 2018 alikuwa ameacha nyuma riwaya zaidi ya 20, hadithi fupi zaidi ya 100, na juu ya hizo mashairi, insha, tafsiri na vitabu vya watoto. Twauliza: je, tembo lake lilipata kutiwa maji?

Huenda baadhi ya ndugu wasomaji wakastaajabu kuona jarida la walimu wa Kiswahili likijishughulisha na mtunzi wa hadithi za nyota za mbali. Jibu letu ni kwamba, tukiyavua mavazi ya safari za angani, sehemu kubwa ya kazi ya Bibi huyu ilihusu majina na viwakilishi: nani ana haki ya kumwita mtu jina, na lugha yaficha nini inapotaja nafsi ya tatu. Haya ni mambo tunayoyaandika ubaoni kila siku ya Mungu.

Ursula Kroeber alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1929 katika mji wa Berkeley, jimbo la California. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mmoja wa mabingwa wa kwanza wa elimu ya anthropolojia nchini Marekani, na alitumia miaka mingi kuandika lugha na mila za wenyeji wa asili wa California. Mama yake, Theodora, alikuwa mwandishi. Kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1961, nacho chasimulia habari za Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi. Ishi alijitokeza peke yake mwaka 1911, baada ya jamaa zake kumalizika kwa kuuawa, kwa njaa na kwa maradhi, akaishi miongoni mwa wataalamu hadi kufa kwake mwaka 1916. Kwa desturi ya watu wake, haikuwa adabu mtu kujitaja jina mbele ya wageni. Kwa hiyo Kroeber alimpa jina la Ishi, ambalo katika lugha ya wenyewe halikuwa na maana zaidi ya mtu wa kiume. Na jina lake la kweli alikwenda nalo kaburini. Binti alizaliwa miaka 13 baadaye, hakumwona. Lakini yeye ambaye baadaye angeandika visiwa vizima ambamo jina la kweli la mtu ni siri iliyo sawa na uhai wake, alikulia katika nyumba iliyoyajua mambo haya.

Elimu yake haikuwa ya sayansi. Alisoma katika chuo cha Radcliffe, akamaliza mwaka 1951, kisha akapata shahada ya pili katika chuo kikuu cha Columbia mwaka 1952, somo lake likiwa fasihi ya Kifaransa na ya Kiitalia. Mwaka 1953 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Ufaransa. Ndani ya meli akakutana na Charles Le Guin, mwanafunzi wa historia, na kabla ya mwaka kwisha wakaoana mjini Paris. Baadaye walihamia Portland, katika jimbo la Oregon, ambako mume alifundisha chuoni na mke alilea watoto watatu na kuandika usiku watoto walipolala.

Mlango wa uchapishaji haukumfungukia upesi. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipeleka hadithi kwa jarida la kisayansi, ikarudishwa. Katika miaka ya 1950 aliandika riwaya kadhaa juu ya nchi ya kubuni huko Ulaya ya kati, nazo zote zikakataliwa. Hadithi yake ya kwanza ya kubuni iliyolipwa katika majarida ya aina hii ilitoka mwaka 1962, alipokuwa amekwisha kupita umri wa miaka 30, na riwaya yake ya kwanza, Rocannon's World, mwaka 1966. Toka hapo ni kama ukuta wa bwawa uliobomoka: A Wizard of Earthsea mwaka 1968, The Left Hand of Darkness mwaka 1969, The Lathe of Heaven na The Tombs of Atuan mwaka 1971, The Farthest Shore mwaka 1972, The Dispossessed mwaka 1974. Ni nadra mtunzi mmoja kutoa vitabu vya uzito huo katika muda wa miaka saba tu.

Tusidhani kwamba hadithi za namna hii ni ngeni kabisa kwa msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, alituchukua hadi nchi inayoelea angani, akatuketisha barazani kusikiliza kesi ya Karama, ambaye kosa lake lilikuwa kufundisha watu sheria. Hakuna aliyepata kumwuliza Shaaban ile nchi yaelea kwa nguvu gani. Tulielewa sote kwamba nchi iliinuliwa juu ili tuweze kuitazama vizuri nchi iliyo chini. Le Guin alifanya vivyo hivyo. Sayari zake si utabiri wa mambo yajayo, bali ni maswali: ingekuwaje kama pasingalikuwa na mali ya mtu binafsi? Ingekuwaje kama pasingalikuwa na mwanamume wala mwanamke? Anainua nchi hewani, kisha anatuachia sisi tutazame.

Sasa tuzitaje heshima alizopata. Miongoni mwa waandishi wa fasihi hii ziko tuzo mbili kubwa: Hugo, inayopigiwa kura na wanachama wa mkutano wa dunia wa wapenzi wa fasihi hiyo, na Nebula, inayotolewa na waandishi wenyewe. Riwaya ya The Left Hand of Darkness ilipata zote mbili mwaka 1970, na Le Guin akawa mwanamke wa kwanza kupata Hugo ya riwaya. The Dispossessed nayo ikazipata zote mbili mwaka 1975. Kwa jumla alijipatia Hugo 8 na Nebula 6, na Hugo mbili kati ya hizo zilikuja baada ya kufa kwake. Mwaka 1973 The Farthest Shore ilimpatia Tuzo ya Taifa ya Vitabu katika fani ya watoto. Mwaka 2003 jumuiya ya waandishi wa fasihi ya kisayansi ya Marekani ilimpa cheo cha Bingwa Mkuu, naye alikuwa mwanamke wa pili kukipata. Mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya mchango uliotukuka katika fasihi ya Marekani. Mwaka 2021, kisha amefariki, sura yake ilitiwa katika stempu ya posta ya nchi yake.

Orodha ni ndefu, lakini orodha peke yake haitoshi kutufundisha kitu. Mintarafu ya mgema wetu, twaona yafaa zaidi kutazama mambo aliyoyafanya kwa heshima hizo na mbele ya heshima hizo.

La kwanza ni heshima aliyoikataa. Stanisław Lem, mwandishi mkubwa wa Poland, alikuwa amepewa uanachama wa heshima na jumuiya ile ya waandishi wa Marekani mwaka 1973. Lem hakuficha dharau yake kwa sehemu kubwa ya fasihi ya kisayansi ya Kimarekani, na mwaka 1976 akanyang'anywa uanachama huo. Wakati huohuo hadithi ya Le Guin, The Diary of the Rose, ambayo yahusu mateso ya watu kwa ajili ya fikira zao, ilikuwa imeteuliwa kupata Nebula. Aliiondoa hadithi yake katika mashindano. Aliona kuwa si sawa kupokea sifa, kwa hadithi juu ya kunyamazisha watu, kutoka kwa jumuiya iliyokuwa imetoka kumwadhibu mwandishi kwa maneno yake. Tuzo ilikwenda kwa Isaac Asimov. Mgema huyu, basi, alijua kwamba sifa nayo ina bei, na kwamba yako masoko ambayo mtu hauzi.

La pili ni habari ya jina lake mwenyewe. Mwaka 1969 jarida moja maarufu la wanaume lilikubali hadithi yake, kisha likaomba litie herufi za mwanzo tu, U. K. Le Guin, wasomaji wasije wakatambua kwamba mwandishi ni mwanamke. Alikubali, na baadaye alilisimulia jambo hilo waziwazi kama mfano wa upuuzi wa nyakati zile. Tukumbuke kwamba mwaka huohuo ndipo ilipotoka riwaya iliyomfanya maarufu ulimwenguni, nayo ni riwaya juu ya watu wasio wanaume wala wanawake.

La tatu latugusa sisi Waafrika kwa karibu. Katika visiwa vya Earthsea shujaa wake, Ged, ni mtu wa rangi ya kahawia iliyoiva, rafiki yake Vetch ni mweusi hasa, na watu weupe ni taifa dogo la upande mmoja, wenye sifa ya ukatili wa vita. Mwandishi alifanya hivyo makusudi mwaka 1968. Lakini kwa miaka mingi wachoraji wa majalada walimpaka Ged weupe, na filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa sehemu hiyo kijana mweupe. Le Guin, akiwa na umri wa miaka 75 na tuzo zimejaa rafuni, angaliweza kunyamaza na kupokea malipo yake. Hakunyamaza. Aliandika makala makali akilalamika kwamba kitabu chake kimepakwa chokaa.

Sasa tufike darasani. Katika The Left Hand of Darkness mjumbe mmoja kutoka dunia yetu, Genly Ai, naye ni mtu mweusi, anapelekwa kwenye sayari ya baridi kali iitwayo Gethen. Watu wa huko hawana jinsia kwa sehemu kubwa ya mwezi. Zinapowadia siku zao chache, mtu huweza kugeuka mwanamume au mwanamke, bila kuchagua, na mwezi mwingine ikawa kinyume. Basi mtu mmoja huweza kuwa mama wa watoto hawa na baba wa wale. Mjumbe anashindwa kumwamini waziri Estraven, mtu mwema kuliko wote anaokutana nao, kwa sababu hajui amtazame kwa macho gani. Na gharama ya kutoaminiana huko ni kubwa mno.

Kiingereza kilimtia mwandishi katika tanzi. Lugha hiyo haina kiwakilishi cha mtu mmoja ambacho hakitaji jinsia bila kuzua utata, basi akatumia kile cha kiume kwa watu wote wa Gethen. Wasomaji, na hasa wanawake, walimwambia kwamba kwa njia hiyo wanaiona sayari nzima ya wanaume. Katika insha ya mwaka 1976 alijitetea. Lakini mwaka 1975 alikuwa amekwisha kuichapa upya hadithi fupi ya sayari hiyohiyo, Winter's King, safari hii akitumia kiwakilishi cha kike kote, huku vyeo vya kiume kama mfalme vikibaki vilevile. Na zaidi ya miaka kumi baadaye aliitoa tena ile insha ya kujitetea bila kuifuta hata neno, akaandika kando yake maelezo mapya ya kujipinga. Msomaji huona fikira ya zamani na fikira mpya zimekaa ukurasa mmoja, kama mwalimu asahihishaye daftari, isipokuwa daftari ni lake mwenyewe.

Ni nani miongoni mwetu asiyetabasamu hapa? Tanzi lile kwetu halipo. Tunasema amekuja, amelala, mkono wake, yeye, na hakuna ajuaye kama ni Juma au Asha. Katika nchi zetu hizi, ambako wanafunzi wengi wanatoka katika Kirundi, Kinyarwanda, Luganda, Lingala na ndugu zao, hali ni hiyohiyo. Ndiyo maana vijana wetu wanapojifunza Kiingereza au Kifaransa huwachanganya wa kiume na wa kike, na walimu wa lugha hizo huwakemea. Lile kosa ni alama ya urithi. Lugha zetu zilikuwa zimekwisha kufanya jambo ambalo mwandishi mashuhuri alihangaika nalo kwa miaka ishirini.

Walakini tusijisifu upesi, tusije sisi ndio tukalitia tembo maji. Mtu akijaribu kuitia riwaya hii katika Kiswahili, ukurasa wa kwanza utamwendea kama maji yateremkavyo, kisha atajikwaa. Atajikwaa kwenye mfalme, maana karibu yake amekaa malkia. Atajikwaa kwenye mjomba na shangazi. Zaidi ya yote atajikwaa kwenye kitenzi, mahali ambapo Kiingereza hakijikwai: kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Jinsia tuliyoiondoa katika kiwakilishi tumeiweka katika kauli ya kutendwa, na hapo imekaa kimya ikimweleza kila mtoto ni nani mtendaji na ni nani mtendwa. Mfasiri atalazimika kukimbilia kuoana, na mwenzi, na mzazi, na ndugu, maneno mazuri yasiyobagua. Na bado atakuwa amepoteza kitu, maana mshangao wa msomaji wa Kiingereza watokana na kule kukwaruzwa na kiwakilishi kila mara. Msomaji wetu atapita salama, na pengine asishangae inapompasa kushangaa.

Tena kuna neno zito zaidi. Kama viwakilishi visivyobagua vingetosha kuleta haki, basi nchi zetu zingalikuwa mbele ya dunia nzima. Kila mmoja wetu anajua ni watoto gani hukosa shule mavuno yanapokuwa mabaya, na ni watoto gani huteka maji kabla ya kengele ya asubuhi. Sarufi ilifungua mlango. Kuingia ni juu yetu. Kwa hiyo kitabu cha Le Guin hakituambii kwamba lugha yetu ni bora. Chatuuliza tumeifanyia nini neema tuliyozaliwa nayo.

Turudi kwa mgema. Baada ya kitabu cha tatu cha Earthsea, mwaka 1972, watu wengi waliamini kwamba kazi imekamilika, nayo ilikuwa imekwisha kutuzwa. Mwaka 1990, baada ya miaka 18, alirudi visiwani na kitabu kiitwacho Tehanu. Katika vitabu vya kwanza uchawi mkuu ulikuwa wa wanaume, na wanawake walikuwa na hirizi za vichochoroni. Sasa aliitazama dunia ileile kwa macho ya mjane mlima shamba na mtoto wa kike aliyechomwa moto na jamaa zake, na Ged, mchawi mkuu wa zamani, amepoteza nguvu zote na anajifunza kuosha vyombo. Baadhi ya wapenzi wake wa kale walikasirika. Kitabu kilipata Nebula. Mwandishi alikuwa ameiacha fahari ya kitabu kilichopendwa akaenda kutafuta kilichokuwa kimepungua ndani yake. Na hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizozifanya.

Mnamo Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 85, alisimama mjini New York kupokea nishani yake mbele ya wachapishaji na wafanyabiashara wa vitabu. Aligawana heshima hiyo na waandishi wenzake wa fasihi ya ndoto na ya kisayansi, ambao kwa miaka mingi waliona tuzo zikiwapita. Kisha akawakumbusha wenyeji wake, wakiwa mezani pao, kwamba kitabu si bidhaa tu, na kwamba utawala wa faida, ujapoonekana hauna mwisho, ni kazi ya wanadamu kama ulivyokuwa utawala wa wafalme, na wanadamu waweza kuubadili. Hotuba ilichukua dakika chache. Alifariki nyumbani Portland tarehe 22 Januari 2018.

Tunalolipendekeza kwa wenzetu ni zoezi dogo, lisilohitaji kitabu wala fedha. Mwalimu awaambie wanafunzi waandike ukurasa mmoja juu ya watu wawili waliosafiri pamoja siku nyingi katika hali ngumu, bila kudokeza kama ni wanaume au wanawake. Wataona ni rahisi ajabu, na watajifunza kuionea fahari sarufi yao. Kisha awaambie waongeze sentensi moja: mwaka uliofuata, mmoja wao alifunga ndoa. Awape muda. Awatazame wakisita kalamu mkononi, wakitafuta neno, na wakianza kubishana wao kwa wao kwa Kiswahili. Hapo asiwasaidie upesi.